Mamama, shiitake, kifungo au unga wa kopo: uyoga upi ununue kwa ajili ya viungo vinavyovimba

Katika duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Mjini Unguja, suala la uyoga hufika kwa sura ileile. Mtu mzima ana baridi yabisi, magoti yanamuwaka usiku, tumbo limeshachoka na diklofenaki, kile kidonge cha maumivu, na mtoto wake aliyeko Muscat au Dar kamtumia picha ya kopo la unga wa uyoga. "Mwanangu, nikinunua hii itanisaidia?" Nami humuuliza kwanza: bibi, uyoga wenyewe umewahi kuupika? Wengi hawajawahi. Sisi watu wa pwani kitoweo chetu ni samaki, na wengi wetu uyoga tumeuona kwenye piza kabla ya kuuona kwenye sufuria ya nyumbani.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao, na kwa ajili ya watoto wao wanaotuma fedha. Vya kuchagua ni vitano. Kuna mamama mbichi, ule uyoga mweupe au wa kijivu wenye kofia pana iliyoinama upande mmoja. Kuna kifungo, ule mdogo wa mviringo kama kifungo cha shati, mbichi au wa kopo lenye maji ya chumvi. Kuna shiitake, uyoga wa kahawia wa Mashariki ya Asia, mkavu wa pakiti, kuna uyoga mweusi wa masikio, na kuna unga na vidonge vya reishi na chaga, aina mbili za uyoga zinazouzwa kama dawa. Nasema mapema nilipo: kwa mtu wa Unguja au Pemba anayetaka chakula kimsaidie kupunguza uvimbe, fedha yake iende kwenye mamama, na ikibaki ziada iende kwenye shiitake. Unga wa kopo ningeuacha dukani.

Kinachofanya kazi ndani ya uyoga

Goti linapovimba na kuwaka, seli za kinga zimepokea habari ya hatari na zimeanza kumwaga kemikali za kuitana: TNF-alfa, interlukini-6 na nyinginezo. Ndani ya seli hizo kuna protini iitwayo NF-κB. Ikiingia kwenye kiini cha seli, huwasha jeni zinazotengeneza kemikali hizo, pamoja na kimeng'enya cha COX-2. Diklofenaki na ibuprofeni hukizuia kimeng'enya hicho, ambacho kipo mwishoni mwa mfululizo, na ndiyo maana maumivu hupungua ndani ya saa chache. Lakini dawa hizo huzuia pia ndugu yake, COX-1, kinacholinda tumbo, na mtu akizimeza kwa miezi tumbo, figo na presha huumia. Viambato vya uyoga vilivyochunguzwa zaidi hugusa mapema, kwenye NF-κB yenyewe au kwenye vipokezi vilivyo juu ya seli. Kazi yake ni ya polepole, na nguvu yake haikaribii ya kidonge. Anayetarajia kula sahani moja na kuamka asubuhi akipanda ngazi ataudhika bure.

Viambato hivyo si vya namna moja, na hapo ndipo matangazo yanapowapoteza watu.

Cha kwanza ni beta-glukani. Hizi ni sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, nazo hujenga ukuta wa seli ya uyoga. Sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hiyo hufika kwenye utumbo zikiwa nzima. Huko hukutana na seli za kinga zenye kipokezi kiitwacho Dectin-1, ambacho wanasayansi walikitambua mwaka 2001, na zinazobaki huliwa na bakteria wa utumbo mpana. Bakteria hao nao hutoa butireti, asidi fupi ya mafuta inayolisha ukuta wa utumbo na kuutuliza. Njia hii ya bakteria ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mtu anayekula uyoga kama chakula.

Ila Dectin-1 ikiguswa, seli huamka. Beta-glukani ni kiamsha kinga, na maneno "huongeza kinga" yaliyoandikwa kwenye kopo ni ya kweli kwa kiasi hicho. Kwa mtu anayeshikwa na mafua kila mwezi, hiyo ni sifa nzuri. Lakini kuna baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe, ile inayovimbisha vifundo vya vidole vya mikono yote miwili na kumfanya mtu aamke akiwa mkavu kama ukuni. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kinga iliyoamka kupita kiasi ndiyo maradhi. Kula uyoga kwenye mchuzi hakumdhuru. Kumeza beta-glukani iliyokamuliwa na kukolezwa, kila siku, bila daktari wake kujua, ni jambo jingine kabisa. Wauzaji wengi niliowasikia hawalitaji hili.

Cha pili ni ergothioneini, na hiki ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Mfamasia wa Kifaransa Charles Tanret alikitenga mwaka 1909 kutoka kwenye kuvu inayoota kwenye nafaka ya shayiri nyeusi. Kwa miaka mingi kilionekana kuwa kitu cha pembeni. Kisha mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani wakagundua kwamba mwili wa binadamu una mlango wake maalumu wa kukiingiza ndani ya seli, protini iitwayo OCTN1. Sisi hatuwezi kukitengeneza; mimea na wanyama pia hawawezi. Hutengenezwa na kuvu na baadhi ya bakteria tu, na uyoga ndio chakula chenye kingi kuliko vyote. Kikishaingia, mwili hukishikilia kwa muda mrefu badala ya kukimwaga kwenye mkojo, na hukilimbikiza mahali penye msuguano mkubwa wa oksijeni: chembe nyekundu za damu, uboho wa mifupa, ini, figo, macho. Kazi yake ni kuzima chembechembe za oksijeni zinazochochea uvimbe. Moto wa jiko haukiharibu. Huyeyuka kwenye maji, na hilo lina maana kubwa jikoni, nitalirudia.

Vipo na vingine, ambavyo nitavipitia haraka: ergosteroli, mafuta ya uyoga yanayogeuka kuwa vitamini D2 yakipigwa na jua; fenoli mbalimbali; na triterpeni chungu za reishi.

Ushahidi unasemaje? Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa mamama ambapo uyoga huo uliokolezwa ulizuia NF-κB kwenye seli za maabara, na panya waliolishwa walitoa TNF-alfa na interlukini-6 pungufu baada ya kuchokozwa kwa sumu ya bakteria. Hizo ni seli na panya. Kwa watu, utafiti ninaoupenda ni wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, uliochapishwa 2015: watu wazima 52 wenye afya walikula shiitake mkavu, gramu 5 au 10 kwa siku, kwa wiki 4. Seli fulani za kinga zikafanya kazi vizuri zaidi, na kipimo cha CRP, kile ambacho hospitali huwapima watu damu kujua kiasi cha uvimbe, kikashuka. Hawakuwa wagonjwa wa viungo, na 52 si umma. Lakini walikula uyoga kama chakula, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukipika, na hicho ndicho kinachonifanya niupe uzito.

Mamama na kifungo

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kifungo ndicho kinachoonekana cha kizungu zaidi na mara nyingi ndicho cha bei ya juu.

Kwa ergothioneini hakuna ushindani. Sahani ya gramu 85 ya mamama au shiitake hufika takriban miligramu 13, na ya kifungo haifiki 5. Kwa beta-glukani, mamama mkavu huwa na karibu mara mbili ya kifungo. Na beta-glukani nyingi zaidi zimo kwenye shina kuliko kwenye kofia, kwa hiyo wale wanaokata mashina ya mamama na kuyatupa wanatupa sehemu iliyo bora kwa jambo hili. Shina ni gumu, kweli. Likate vipande vyembamba kwa upana na ulitangulize kwenye sufuria dakika kumi kabla ya kofia.

Mamama pia una kiasi kidogo cha lovastatini, kiambato kilekile kilichosajiliwa Marekani mwaka 1987 kuwa dawa ya kushusha lehemu. Kiasi chake hubadilika sana kati ya uyoga na uyoga, hivyo mtu asiache dawa yake ya lehemu kwa kutegemea mboga.

Jambo jingine linaloupa mamama nafasi visiwani ni kwamba unaoteshwa karibu. Huota juu ya mabaki tuliyonayo: majani makavu ya mpunga kama yale ya Cheju, makapi ya miwa kama ya Mahonda, majani makavu ya mgomba yaliyojaa kila kona ya Pemba. Hauhitaji mbolea ya farasi wala chumba cha baridi kama kifungo. Kwa hiyo anayeishi Wete au Chake Chake anaweza kuupata ukiwa umechumwa asubuhi, ilhali kifungo kibichi hupatikana zaidi kwenye maduka yanayohudumia hoteli, kimekaa kwenye friji siku nisizozijua.

Ukishika pakiti ya mamama, igeuze. Tazama ukingo wa kofia: ukiwa bado umejikunja kidogo kuelekea chini, umechumwa kwa wakati. Ukingo ukiwa umenyooka au umepinda juu na kuchanika, na kuna vumbi jeupe kwenye kofia ya chini yake, umeshakomaa na kumwaga mbegu. Unalika, ila ladha imepungua na hautadumu. Kisha unuse. Mzuri una harufu hafifu ya unga mbichi. Ukisikia harufu kali ya mkojo au ya samaki aliyelala, au vidole vikateleza, rudisha. Matone ya maji ndani ya nailoni ni dalili kuwa umekaa juani barazani. Nyumbani uhamishie kwenye mfuko wa karatasi na uupike siku hiyohiyo au kesho yake.

Kifungo kina mahali pake. Watoto hukikubali kwa urahisi, na kwa anayeanza kuzoea uyoga ladha yake haimshtui. Cha kopo ndicho ninachokikataa kwa wenye presha: kimelowa kwenye maji ya chumvi, ergothioneini imehamia kwenye maji hayo, na ukiyamwaga umeimwaga, usipoyamwaga umekunywa chumvi. Ukiwa nacho tu, kisuuze vizuri ukijua umebakiwa na nyuzinyuzi.

Swali la jongo huulizwa sana, hasa na wanaume, kwa sababu wameambiwa uyoga una purini, vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa asidi ya yuriki inayoleta jongo. Ni kweli unazo, kwa kiasi cha wastani. Lakini utafiti mkubwa wa wanaume wa Marekani uliochapishwa 2004 uliona kuwa nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya jongo, na mboga zenye purini hazikuiongeza. Mtu anayeacha uyoga kwa hofu ya jongo huku akiendelea na pweza na maini amekamata upande usio.

Shiitake mkavu

Huu ndio wa pili kwangu, na kwa baadhi ya watu ungekuwa wa kwanza. Beta-glukani yake maarufu, lentinani, ilitengwa na Goro Chihara na wenzake huko Japani mwaka 1969, na mwaka 1985 Japani ikaiidhinisha kama sindano ya kusaidia tiba ya saratani ya tumbo. Muuzaji akikuambia "uyoga huu ni dawa ya saratani Japani," ndiyo habari anayoikatia nusu. Ilikuwa sindano ya kiambato kilichosafishwa, ikitolewa hospitalini pamoja na dawa za saratani. Supu ni supu.

Faida ya shiitake kwa mtu wa kisiwani ni kwamba huja mkavu na hukaa miezi ndani ya chupa iliyofungwa, ukiulinda na unyevu wa masika. Gramu 5 hadi 10 zilizotumika Florida ni kofia chache tu kwa siku. Unazirowanisha kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, na yale maji ya rangi ya chai unayachuja, unayatia kwenye mchuzi. Usiyamwage kabisa.

Tahadhari yake ni moja na ni ya kweli. Ukiliwa mbichi au nusu mbichi, kwa baadhi ya watu huleta upele wa mistari mirefu mwekundu mgongoni na kifuani, kama mtu aliyechapwa bakora. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1977, na lentinani ndiyo inayoshukiwa. Ukiivishwa sawasawa, tatizo hilo huwa halipo. Kwa hiyo unga wa shiitake usiopikwa, wa kunyunyiza kwenye maji ya matunda, siushauri.

Uyoga mweusi wa masikio

Huu hauna mengi kwa upande wa uvimbe kuzidi wenzake, lakini unahusu damu. Mwaka 1980 daktari wa Minnesota, Dale Hammerschmidt, aliandika kuwa chembe sahani za damu yake mwenyewe, zile zinazosaidia damu kuganda, ziligoma kushikamana baada ya kula chakula cha Kichina chenye uyoga huu. Ndani yake kuna adenosini inayozuia damu kuganda. Kwa mwenye afya si neno. Kwa anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya kila siku, au anayengoja upasuaji, asiufanye chakula cha kila siku.

Reishi na chaga za kopo

Reishi ni mgumu kama gome. Hauliki, huchemshwa au husagwa. Triterpeni zake chungu, hasa asidi za ganoderi, kwenye maabara huzuia uvimbe vizuri sana, na sidharau hilo. Tatizo ni safari kutoka maabara hadi kwenye goti la bibi. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyoangalia reishi kwa watu wenye sukari na hatari ya maradhi ya moyo hayakuona ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake. Huku madhara yapo kwenye kumbukumbu za tiba: kuna watu waliopata maradhi ya ini baada ya kutumia unga wake, na unaweza kuongeza kutoka damu kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Chaga una oksaleti nyingi sana, chumvi zinazoweza kuganda ndani ya figo mkojo ukiwa mzito. Japani iliripoti mwaka 2014 mwanamke mtu mzima aliyeharibika figo baada ya kunywa unga wake kwa miezi. Kwenye joto letu, ambapo watu hutoka jasho mchana kutwa na kunywa maji machache, sitaki kumwona mzee wa Makunduchi au Micheweni akinywa oksaleti kwa kijiko.

Kisha kuna suala la kilichomo ndani ya kopo. Bidhaa nyingi hutengenezwa kwa nyuzi za kuvu zilizooteshwa juu ya nafaka, vikasagwa vyote pamoja. Lebo ikasema "polisakaraidi asilimia kadhaa," neno lenye maana ya minyororo mirefu ya sukari ya namna yoyote, na wanga wa mchele nao ni polisakaraidi. Ikiwa lazima ununue, tafuta lebo inayotaja beta-glukani kwa jina na kiasi chake, na inayosema ni tunda la uyoga, yaani uyoga wenyewe na si nyuzi zake, lililotumika. Isipotaja, hujui unachonunua.

Hesabu ya fedha

Uyoga mbichi ni maji kwa asilimia 90 hivi. Kilo moja ya mamama ikikauka hubaki karibu gramu 100. Ukitaka kulinganisha kwa haki bei ya mbichi, mkavu na unga, badilisha vyote viwe vikavu: gramu 100 za mamama mbichi ni sawa na gramu 10 kavu, ule ule mfano wa Florida. Chukua bei ya kopo, igawe kwa gramu zilizomo. Chukua bei ya pakiti ya mamama, igawe kwa gramu zake kisha uzidishe kwa kumi. Kila nilipomfanyia mteja hesabu hii mbele yake, kopo lilikuwa ghali zaidi kwa mbali, na mamama inashibisha juu yake.

Nani achukue upi

Mwenye magoti yaliyochakaa kwa umri na uzito, ambaye hana maradhi mengine: mamama, gramu 100 hivi mbichi, mara tatu au nne kwa wiki, badala ya sehemu ya nyama nyekundu. Hilo "badala" lina uzito wake. Uyoga ulioongezwa juu ya nyama ya kukaanga na soda hautaona nafasi ya kufanya kazi, na kilo chache zikipungua mwilini goti hupumua kuliko kiambato chochote nilichokitaja.

Mwenye baridi yabisi ya kinga, anayetumia dawa za kutuliza kinga kama methotreksati au prednisoloni: mamama au shiitake kama chakula cha kawaida, dawa zake asiziguse, na vidonge vya uyoga aviache hadi amuulize daktari. Aliyewekewa figo ya mtu mwingine ni vivyo hivyo, kwa mkazo zaidi. Anayetumia wafarini akae mbali na reishi na masikio. Mwenye tumbo linalojaa gesi aanze na vijiko viwili vitatu na aupike sana, kwa kuwa kitini ya ukuta wa uyoga ni ngumu kusagika. Na anayeishi peke yake, asiyefika sokoni mara kwa mara, shiitake mkavu humfaa kuliko mamama unaooza siku ya tatu.

Jikoni

Usiuchemshe ukamwaga maji. Ergothioneini na sehemu ya beta-glukani zitaondoka nayo. Mimi huupanga juani kwanza, mistari ya chini ikitazama juu, saa sita mchana, kwa nusu saa hadi saa moja. Ergosteroli inageuka vitamini D2 kwa kiasi cha maana, na wanawake wetu wengi wanaokaa ndani au wanaojifunika wana haja nayo. Jua lazima liguse uyoga wenyewe. Kupitia kioo cha dirisha haifanyi kazi.

Kisha kaango kavu, moto wa kati, bila mafuta, mpaka uyoga utoe maji yake na uyanywe tena. Hapo ndipo unapotia mafuta kidogo, kitunguu maji, thomu, tangawizi na tungule. Halafu manjano na pilipili manga pamoja: utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini ya pilipili manga huongeza mara nyingi kiasi cha kurkumini, kiambato cha manjano, kinachoingia kwenye damu, na vyote viwili tunavilima wenyewe. Mwisho tui la nazi jepesi, liive dakika kumi. Mafuta ya tui yanasaidia vitamini D kufyonzwa. Ndimu itiwe sufuria ikishateremshwa. Kwa wali au kwa ndizi mbichi za kuchemsha, ni kitoweo kamili, na kwenye futari hakimlemei mtu.

Kifungo kibichi kwenye saladi ninakikataza pia. Kina agaritini, kiambato ambacho watafiti wanakitilia shaka, na moto hukipunguza sana.

Uyoga wa kuokota

Kila masika yakishika, watu huniletea picha za uyoga ulioota kwenye kichuguu, chini ya mwembe au kando ya msitu, Ngezi na Jozani, wakiuliza kama nao unatuliza viungo. Kwa picha simwambii mtu ale. Zile kanuni za kwamba kijiko cha fedha kitageuka rangi, au kwamba ulioumwa na konokono ni salama, ni za uongo. Amatoksini, sumu ya uyoga inayoua zaidi duniani, haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha, na mtu huanza kutapika saa 6 hadi 24 baada ya kula. Kisha huja nafuu ya siku moja inayodanganya huku ini likiharibika. Anayeumwa baada ya kula uyoga apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, na kipande kilichobaki bila kupikwa kifungwe kwenye karatasi kiende naye.